Betri za Jedidah

Njiru alizitoa betri Jumapili, shemeji yake akiwa kanisani. Alizitia katika redio yake, akasikiliza mpira mpaka kipenga cha mwisho, kisha akazirudisha mahali pake kama mtu aliyeazima chumvi. Jedidah aliporudi na kuiwasha gemu yake, palipokuwa na alama 48,700 palikuwa na sifuri tupu, maana gemu ile ikitolewa betri husahau rekodi.

Hakulia. Alikaa juu ya debe lililofudikizwa, leso ya kanisani ingali kichwani, akaitazama ile sifuri kama mtu atazamavyo zizi lililovunjwa.

Kabla ya kuolewa Kiritiri, Jedidah alisoma politekniki mjini Embu, na hapakuwa na mvulana pale aliyemshinda drafti. Vifuniko vya soda vilimtii. Kisha ikaja ndoa, akaja mtoto, Lenah, ikaja na mashine ya kusaga ambayo mumewe Gedion alimwachia alipopata ukarani huko huko Embu. Drafti inataka mtu akae. Nani angemkalisha? Ndipo aliponunua sokoni ile gemu ya plastiki, ya kushika mkononi, yenye matofali yanayoanguka. Unayapanga, mstari ukijaa unatoweka. Yakirundikana mpaka juu, umekufa. Nayo ilikuwa na kitu ambacho ubao wa drafti hauna: kitufe cha kusimamisha. Debe la mahindi likisagika, alicheza. Mlio wa mashine ukibadilika, alibonyeza, akafunga unga, akarudi akakuta tofali lake linamngoja hewani. Ile 48,700 aliichuma siku moja ya soko, kipande kwa kipande, katikati ya madebe thelathini na moja. Katika boma lile mashine ilikuwa ya mume, shamba la ukoo, hata jina la mtoto lilikuwa la mama mkwe. Nambari ile tu ndiyo iliyokuwa yake.

"Shem, umenuna kwa sababu ya nambari?" Njiru alicheka. Alikuwa ndugu mdogo wa Gedion, na kazi yake ilikuwa kukalia benchi la mbele ya bucha akicheza drafti kutwa. "Hata hivyo haikuwa halali. Bingwa gani anasimamisha mchezo kila dakika tano? Gemu ni ya mtu mwenye nafasi."

Akaichukua bila kuomba. Alikaa nayo benchini siku mbili, akairudisha ikiwa na 52,000. "Hiyo sasa ndiyo rekodi," akasema. "Isome vizuri."

Jedidah aliisoma. Kisha akavuka barabara, unga ungali kwenye nyusi, akasimama mbele ya benchi zima.

"Njiru, tushindane siku ya soko. Mtu acheze huku akiendesha mashine. Asubuhi wewe, alasiri mimi. Nikishindwa, gemu ni yako. Ukishindwa, kila siku ya soko mashine utaendesha wewe, na mahali pako hapa benchini nitakaa mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

Wanaume wakaangua kicheko. Misheck, mwenye bucha, akagonga kisu mezani. "Njiru, unaogopa unga?" Baada ya hapo Njiru hakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Siku ya soko foleni ilifika hadi kwenye mikokoteni, na benchi zima likavuka barabara kuja kutazama. Njiru aliwasha injini kwa mkono mmoja, akaanza vizuri, matofali yakitoweka kama mvuke. Lakini alijua kuiwasha injini tu, hakujua kuisikiliza. Mahindi yalipokwisha, mlio ukapanda, naye hakuinua macho. Misheck alipomzomea, alinyakua debe lililofuata kwa kiwiko, akalimwaga kwenye mdomo wa mashine.

Lilikuwa debe la mtama mwekundu la mama mmoja wa foleni, Wambeti, na chini ya mashine mfuko wa unga wa aliyemtangulia ulikuwa bado haujatolewa. Unga mweupe ukageuka rangi ya kutu.

"Wewe Njiru!" Wambeti alimshika ukosi wa shati. "Mama yako alikuzaa na macho mawili, au moja ulimwachia?"

"Mama, ngoja, nakufa hapa!"

"Kufa! Lakini mtama wangu utautenga kwanza."

"Simamisha, bwana!" Misheck alipiga kelele. "Bonyeza kitufe!"

Kitufe kilikuwa palepale, kimelika kwa dole gumba la Jedidah. Kidole cha Njiru kilikisogelea.

"Bingwa hasimamishi," Jedidah alisema kwa sauti tamu kama asali.

Benchi zima lilikuwa linamtazama. Kidole kikarudi nyuma. Wambeti akavuta ukosi, na matofali yakafika juu. 14,200. Alijaribu tena, kisha tena. Kila mara alikuja mtu na debe lake, na kila mara kiburi kilimshika kidole.

Alasiri Jedidah alifunga leso, akaanza. Alicheza, akabonyeza, akafunga unga, akacheza. Hakuna mfuko uliochanganyika. Alipopita 14,200 Misheck alitangaza mshindi, lakini Jedidah hakusimama. Hakuwa akiitafuta nambari hiyo. Jua lilikuwa limeelekea vilimani alipopita 52,000, na watu walikuwa wanahesabu kwa sauti. Aliyaacha matofali yakafika juu yenyewe. 53,100.

"Umeona?" alimwuliza Njiru.

"Nimeona, shem."

"Sema kwa nguvu, Wambeti hajasikia."

"Nimeona!"

Basi Jedidah akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri moja moja, rekodi yake na kila kitu, akaziweka katika kiganja cha shemeji yake na kumkunjia vidole.

"Kasikilize mpira."

Siku ya soko iliyofuata alikaa benchini. Mzee Mutegi, mchezaji wa siku zote wa benchi lile, alimpangia vifuniko vya soda. Ng'ambo ya barabara mashine ilianza kulia juu, tupu, kisha sauti za wanawake zikapanda juu yake, ya Wambeti ikiongoza, na Njiru akiapa kwamba ule ulikuwa mtama tangu mwanzo.

"Mama Lenah," Misheck alisema, "husikii?"

"Nasikia," akajibu, akala vifuniko vitatu kwa mkupuo mmoja.