Albamu ya Pili Bila Mimi

Shemeji yangu aliingia karakana na santuri kwapani, flashi mkononi, na uso wa mtu aliyekuja kuazima kitu wakati cha kwanza hajakirudisha.

"Karibu, kaa," nikamwambia. "Ila si hapo, hilo halina tumbo bado."

Kochi lililokuwa mbele yangu nilikuwa nimelitoa sponji lote, limebaki mbao na springi. Akakalia roli la kitambaa. Mke wangu, dada yake wa tumbo moja na mshonaji wa karakana yetu, hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Bendi imegawanyika," shemeji akasema. "Wawili kwa wawili."

Nikacheka. Bendi hiyo niliianzisha na yeye, mimi kwenye dramu, yeye kwenye kinanda. Tulipiga roki ile ya wenye subira: wimbo mmoja unameza upande mzima wa santuri, mdundo unahesabiwa saba, mara tano, mara tisa, na ukijaribu kuucheza unateguka kiuno. Tulitoa albamu moja. Walioipenda walikuwa wachache, lakini waliipenda kama ugonjwa. Kisha wenzangu wakapiga kura, nikatolewa, akaletwa dada mmoja wanamwita Mvua. Sababu niliyopewa ni kwamba napiga sana. Ni sawa na kumfukuza mpishi eti anapika.

"Albamu ya pili tumeshairekodi," akaendelea. "Wawili wanasema imeipita ya kwanza, wawili wanasema haiifikii. Tumekubaliana uamue wewe. Ukisema ya kwanza ndiyo bora, tunafuta dramu zote, unarudi, tunaanza upya."

"Yaani kesi ya nyani mmempa ngedere!"

"Mvua mwenyewe ndiye aliyekutaja. Anasema hakuna mwingine atakayesikiliza dramu zake kwa wivu wa kutosha."

Cherehani ikasimama. Mke wangu alijua hali yangu. Tangu nitolewe nilikuwa nikipigilia misumari kwa mdundo wa saba, na kuna wateja ambao mikono ya makochi yao ina misumari mingi kuliko mlango wa gereza. Kurudi kwenye kile kiti cha dramu ndicho nilichokitaka duniani, na sasa kilikuwa kimeletwa hadi mlangoni kwangu. Kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo tu.

"Baba watoto," akasema, "sikiliza kwanza. Uongo hauozi, utausema baadaye."

Shemeji akaweka santuri yetu ya kwanza kwenye mashine iliyo juu ya rafu ya gundi. Kwake nyumbani santuri zimepangwa mbili mbili kama viatu: ya kwanza na ya pili ya kila bendi. Zinazofuata hana habari nazo.

"Albamu ya kwanza ni siku ya kuhama nyumba," akaanza wimbo wake wa siku zote. "Kila kitu kiko nje, hadi sufuria lenye tundu. Ya pili ndipo wanapanga ndani, na wewe unajua kama wana nyumba au walikuwa na vitu tu."

"Na ile bendi ya filimbi? Ya pili walileta kwaya nzima na kengele juu!"

"Hao walipata hela. Lakini wale ambao mpiga kinanda wao huvaa joho? Ya kwanza waliiga watu, ya pili wakajikuta wenyewe."

"Wakajikuta wamelala. Weka sindano."

Sheria ya bendi yetu ilikuwa moja: hakuna neno mpaka upande uishe. Tukanyamaza.

Nikajisikia nikipiga. Jamani, nilikuwa kijana! Kila palipokuwa na mwanya nilikuwa nimeujaza. Gitaa likivuta pumzi, mimi huyo. Mwimbaji akimeza mate, mimi huyo. Moyo ulinijaa furaha. Hata mke wangu alitabasamu, naye si mtu wa kugawa meno ovyo.

Kisha flashi yenye albamu ya pili ikaingia kwenye spika. Nikakaa tayari kudharau. Mvua alipiga vizuri, si vizuri sana, na nikaanza kupanga maneno yangu. Halafu, katikati ya wimbo mrefu, dramu zikakoma. Kinanda kikabaki peke yake, na chini yake kitu kikawa kinatembea polepole, kizito, kama mtu anayemtafuta mwenzake gizani. Nilichelewa kuelewa. Ulikuwa mkono wa kushoto wa shemeji. Miaka yote nimekaa karibu naye hadi jasho lake linanirukia, na sikuwahi kuusikia. Dramu zangu zilikuwa zimeufunika.

Wimbo ukaisha. Wote wawili wakanitazama.

"Nipe Mvua kwenye simu," nikasema.

Akapiga, akanipa.

"Ni mimi, yule uliyekalia kiti chake."

"Haya kaka," sauti ikasema, "niambie tu, nimeshajiandaa."

"Pale katikati ya wimbo mrefu, unapoacha kupiga. Nani alikufundisha?"

"Kaka, pale nilipotea. Tulikuwa tunahesabu kumi na moja, nikafika nane, nikasahau nilikotoka. Nikanyamaza nisubiri wanishike mkono. Kesho tunakwenda kuparekebisha."

"Pasiguswe."

"Lakini ni kosa!"

"Mimi nimepiga albamu nzima bila kukosea, na haina pahali kama hapo. Ya pili ndiyo bora. Waambie nimeamua."

Nilimrudishia shemeji simu. Alikuwa ameinama pale kwenye roli la kitambaa, anafuta macho kwa mkono huohuo wa kushoto.

"Mimi nilikuwa upande wa waliosema haiifikii," akasema. "Nilitaka urudi."

"Najua, shemeji."

"Ungesema neno moja tu."

"Nalijua na hilo neno. Liko hapa kooni, linapiga teke. Sasa inuka uende, haraka, kabla sijawa binadamu tena."