Mafuta ya Nazi Ndani ya Injini

Mmanga alikuwa hoi kabla hata hajashika spana. Usiku kucha mama yake, Bi Mwanawema, alijinyonganyonga kwa maumivu ya tumbo, na kulipokucha mganga wa dispensari ya Mtambile alimbonyeza kidogo tu, akasema apelekwe hospitali ya Chake leo leo. Rahisi kusema. Lori la chama chao lilikuwa limeshaondoka na watu wa mkutano kwenda Micheweni, na mpaka kesho kutwa halirudi. Gari lililobaki Mtambile lilikuwa la Nyange. Nalo lilikuwa bovu, na Nyange alikuwa wa chama kile kingine.

Asiyekuwapo Pemba mwaka ule wa chaguzi mbili hawezi kujua neno hilo lilivyokuwa zito. Watu wa chama hiki hawakununua hata chumvi kwa watu wa chama kile. Hawakupanda magari yao, hawakula karamu zao, na wengine hata kuzikana walikuwa hawazikani tena. Mmanga na Nyange walitiwa jandoni siku moja, na sasa ulikuwa unakwenda mwaka hawajapeana salamu. Bi Mwanawema naye, siku wanawake wa mtaani kwao walipoapa kwamba hawatapanda gari la Nyange mpaka wafe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika Msahafu. Mmanga alilijua hilo vizuri. Alijipa moyo tu kwamba maumivu yatamsahaulisha.

Alimkuta Nyange ameketi kando ya gari lake, kashika tama.

"Asalaam alaykum," alisema Mmanga.

Nyange alimtazama kwanza, kama anayetafuta mtego. "Waalaykum salaam."

"Mama mgonjwa. N'kilitengeneza gari lako, utampeleka Chake?"

"N'tampeleka. Lakini gari lino limekwisha. Ntu kaniambia bering zimekufa, injini niitupe."

"Piga hendeli."

Gari likakohoa, likafyatua mshindo, ndipo likawaka kwa kelele za misumari inayotikiswa koponi. Mmanga akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni. Chini, penye bering, shwari. Katikati, shwari. Alipofika mbele, kwenye kifuniko cha cheni, sikio lilimuuma kwa makelele.

"Zima. Si bering. Cheni imelegea."

Kusema ni kazi ndogo. Kufungua ndiyo kazi. Waliteremsha rejeta, wakatoa feni, wakahangaika na nati ya puli mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Hawakusemeshana ila kuombana spana. Kifuniko kilipotoka, cheni ilikuwa inaning'inia, imekwishakula bati la kifuniko, na tena imeruka jino moja. Ndiyo maana gari halikuwa na nguvu tena. Kikaza cheni, kipistoni kisichozidi kidole gumba ambacho springi na mafuta ya injini hukisukuma kiibane cheni, kilikuwa kimeganda ndani ya tundu lake. Mmanga akakichomoa kwa koleo, akakinusa. Kilinuka kama jikoni.

"Umetia nini humu?"

Nyange aliangalia chini. "Mafuta yalipopungua n'kaongeza ya nazi."

"Ya nazi?"

"Duka lenye mafuta ya gari ni la watu wenu, Mmanga. N'ngekwenda kwa uso gani?"

Mmanga alitaka kumtukana, na tusi lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. Yeye mwenyewe mwezi mzima alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari, kwa kuwa duka la sukari lilikuwa la akina Nyange. Mafuta ya nazi yalikuwa yameungua yakawa ulimbo, yakaziba kitundu kinacholeta mafuta kwenye kikaza, na watu wawili wazima wenye akili zao walikuwa wamekaa mavumbini wakikitazama.

Alikiosha kwa mafuta ya taa. Akapitisha waya wa breki ya baiskeli ndani ya kitundu, akasukuma na kupuliza mpaka pumzi ikapita. Akazungusha magurudumu ya meno hata alama zake zikatazamana, akarudisha cheni, akakaza. Mafuta ya injini alikwenda kununua mwenyewe. Mwenye duka akamuuliza ni ya gari la nani.

"La kumpeleka mama," alisema, akatoka.

Alasiri gari liliwaka likanguruma taratibu. Nyange akacheka peke yake. Mmanga alitamani kulala pale pale chini.

Gari lilipoletwa mlangoni, Bi Mwanawema alifumbua macho. "La nani?"

Mmanga akamtupia Nyange jicho.

"Basi sipandi."

"Mama, kiapo kina kafara."

"Kafara ni kulisha masikini au kufunga. N'na nini cha kuwalisha? Na kufunga n'tafunga lini na hali hino? Miye nakaribia kwenda, mwanangu. Usinipeleke kwa Mola wangu na uongo mdomoni."

Mmanga akaketi kizingitini. Alimkasirikia mama yake, akamhurumia, akajichukia kwa kumkasirikia. Nyange ndiye aliyesema, "Lete shuka na mti."

Wakafunga machela, Nyange akashika mbele, Mmanga nyuma, wakaliacha gari zima mlangoni.

Machela ya mgonjwa ikipita, wanaume waliokaa barazani huinuka wakapokea, bega kwa bega, bila kuombwa. Hivyo ndivyo watu walivyofikishana Chake tangu zamani. Siku ile watu wa Mmanga walimwona Nyange mbele, wakabaki wamekaa. Watu wa Nyange walimwona Mmanga nyuma, wakajifanya wanatazama viatu vyao. Baraza moja hivyo, na ya pili hivyo hivyo, mpaka nyumba zikaisha na Mmanga akaanza kujikwaa.

"Niwekeni chini," alisema Bi Mwanawema.

Wakamweka kivulini, chini ya mkarafuu. Alihema kwanza.

"Nimewaona wote. Wanawake n'loapa nao, waume zao wamekaa. Mama zao walipokufa n'liwaosha kwa mikono hino." Akamgeukia Nyange, ambaye shati lilikuwa limemgandia mgongoni kwa jasho. "Nyange, kalete gari."

"Na kiapo, Bi?"

"Kiapo changu. N'takwenda kukijibu mwenyewe."

Nyange akarudi mbio. Mmanga akakipakata kichwa cha mama yake. Tangu alfajiri alikuwa akimwomba Mungu mama akubali, na sasa mama alipokubali, Mmanga akaona ni bora angeendelea kukataa. Kile kiapo kilikuwa ndicho kitu cha mwisho mama alichokuwa amebaki nacho, na amekitoa kwa ajili ya mabega ya watu wawili. Mmanga akalia, na mama akamfuta kwa upindo wa kanga, bila kumwambia anyamaze.

Gari lilipofika wakamwinua wote wawili, wakamlaza kiti cha nyuma. Mama ndiye aliyetangulia kusema bismillahi.