Mtu wa Pwani kutoka Bondeni

Nakuru nzima, tangu stesheni mpaka Bondeni, hapakuwa na mtu wa pwani kumshinda Muhidin fundi cherehani, na Muhidin alikuwa hajaiona bahari hata siku moja. Wallahi. Alizaliwa Bondeni, nyuma ya msikiti, akatahiriwa Bondeni, akaoa Bondeni na akafiwa na mke hapo hapo Bondeni. Baba yake ndiye aliyetoka pwani, akapanda na reli akiwapikia mafundi, akafa Muhidin angali ananyonya, bila kumwachia mtoto hata jina la kijiji. Alichomwachia ni mbuzi ya kukunia nazi, nayo miguu imelegea.

Lakini ungemsikia barazani baada ya Alasiri! "Sisi watu wa maji," angesema, sindano iko mdomoni. "Mtu wa maji hafundishwi samaki." Akishafika hapo hamzimi mtu: mara papa alivyomburuta babu yake kutwa nzima, mara shangazi aliyeogelea na mtungi kichwani. Wenzake walimwacha aseme. Sisi watu wa Nakuru tuna ziwa letu, kweli, lakini ziwa lenyewe ni la magadi. Limejaa heroe, wale ndege wekundu, na harufu, na samaki humpati hata wa dawa. Nani angembishia?

Samaki ambaye Muhidin alimjua ni mmoja tu, yule wa mama yake wa kila Ijumaa: ng'onda mkavu, wa chumvi, aliyefika na gari la moshi ndani ya gunia, mgumu kama soli ya kiatu. Mama humshika mkia, humpiga jiweni mpaka alegee, kisha humlaza kwenye sufuria la maji hadi asubuhi ili chumvi imtoke. Muhidin aliamini hivyo ndivyo samaki anavyopikwa dunia nzima. Hakuna aliyemwambia vingine, naye hakuuliza. Mtu wa pwani atauliza vipi habari za samaki?

Huo mdomo ungemletea kicheko tu, basi, kama si Kuluthum.

Kuluthum alikuwa mjane, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Aliishi Naivasha, kando ya ziwa, na kaka yake Miraji aliyekuwa na hoteli ya chai katika kijiji cha wavuvi. Mwaka ule wa hamsini na tisa biashara ya samaki ndiyo kwanza inachangamka huko. Kuluthum alikuja Nakuru kukaa kwa jamaa zake na kushonewa buibui. Buibui ni kazi ya siku moja. Muhidin aliishona wiki tatu. Leo uzi umekwisha, kesho mkanda wa cherehani umekatika, njoo keshokutwa bibi. Kuluthum akaja keshokutwa, na keshokutwa nyingine, mpaka siku moja akaiweka pochi yake juu ya meza na kumwuliza kama anashona buibui au anashona hema.

Ndipo Muhidin akasema linalomkaa moyoni, kwamba anataka kumwoa.

"Walii wangu ni kaka," Kuluthum akamjibu. "Naye keshaletewa posa na bwana mmoja wa Mai Mahiu, mwenye malori. Wewe una nini?"

Muhidin alikuwa na cherehani na mdomo. Akatumia mdomo. "Bibi, mimi mtu wa pwani. Nitakuja nimpikie kaka yako samaki wa nazi kwa mkono wangu, kama tunavyofanya kwetu. Akishaonja, hayo malori atayasahau."

Kuluthum akaichukua pochi yake. "Njoo Jumapili," akasema. "Kaka yangu hupenda sana kujua mtu kwao ni wapi."

Usiku huo Muhidin hakupata usingizi, akijilaani. Ulimi huu, alijiambia, ningeushona mapema.

Jumapili alipanda gari la moshi na Darweshi muuza kahawa, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wake. Muhidin alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, kikapu cha nazi miguuni, mbuzi ya baba mapajani. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na askari wa stesheni aliigeuza ile mbuzi huku na huku akikipapasa kile chuma cha mbele chenye meno.

"Hii ni silaha gani?"

"Ni ya kukunia nazi, afande."

"Nazi ni nini?"

Darweshi alicheka mpaka Gilgil. Muhidin hakucheka. Alikuwa anaomba dua.

Kijiji chenyewe kilikuwa vibanda vichache vya mabati na matete, mashua zimepinduliwa kifudifudi, nyavu zimetandazwa vichakani. Mbele yake, ukingoni kabisa mwa maji, palikuwa na bustani. Bwana mmoja wa shamba la jirani ndiye aliyeipanda nyasi, akaweka mabenchi chini ya migunga ya manjano, na kibao kinachokataza watu kukanyaga nyasi. Kiboko hakukisoma kibao. Alikuwa akipanda gizani kutoka ziwani, anazila nyasi zikabaki fupi sawasawa, anaacha mbolea njiani anaondoka zake. Wanakijiji walikubaliana kwamba shambaboi wa kumshinda huyo hapatikani. Jumapili wake wa wavuvi walikaa hapo na watoto wao, wakikaanga samaki na kusengenya, na hakuna aliyewafukuza.

Muhidin aliyaona maji yale akayasogelea. Yeye alizoea ziwa la kutazamwa kwa mbali huku umeziba pua. Akainama, akachovya kidole, akaramba, akatikisa kichwa kama bingwa.

"Chumvi yake," akasema kwa sauti, "haijafika ile ya kwetu."

Mwanamke aliyekuwa anaosha sufuria karibu yake akainua uso. Huyu alikuwa Awuor, muuza samaki, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. "Chumvi gani, mzee? Hii maji si ndio tunakunywa?"

"Ndiyo maana nikasema haijafika," Muhidin akamjibu, masikio yanawaka. Darweshi aligeuka akajifanya anatazama ndege.

Miraji aliwakaribisha kwenye benchi. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu nyeupe kama maziwa, asiyetabasamu bila sababu. Wakaamkiana, wakaulizana hali, chai ikaja. Kuluthum alisimama kando, amejifunika ile buibui ya wiki tatu. Kisha Miraji akaweka kikombe chini.

"Bwana Muhidin. Kwenu hasa ni wapi?"

"Pwani."

"Pwani ni ndefu."

"Kule... kule kwenye minazi."

"Mhm," akasema Miraji, akakiinua tena kikombe. Muhidin akaona shingo yake yote inalowa jasho. Angekuwa na akili angeacha hapo, lakini mtu akishazoea kujisifu, kunyamaza kunamtisha kuliko kuumbuka. Akasimama, akakunja mikono ya kanzu. "Samaki yuko wapi? Leteni jiwe."

"Jiwe la nini?" Awuor akauliza.

"Mama, we leta. Mtu wa maji hafundishwi."

Jiwe likaletwa, likawekwa kwenye benchi, na Awuor akaleta beseni. Ndani yake samaki wanne aina ya ngege, wametoka wavuni sasa hivi, wanafungua midomo na kuifunga. Muhidin alichungulia, wakamtazama. Hakuwahi kutazamwa na samaki. Wa mama yake alikuwa hana hata macho. Na hawa wamelowa, wanateleza, wamelegea tayari. Huo ugumu wa kupiga uko wapi? Akili ndogo ikamwambia, Muhidin, hapa kuna jambo hulijui, uliza. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimesogea kutazama, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akasema bismillahi, akamkamata mmoja mkia, akamwinua juu na kumbamiza jiweni kama mama alivyofanya kila Ijumaa.

Samaki hakukubali. Alijipinda, akamponyoka, akaruka hewani waziwazi mbele ya watu na kwenda kutua mapajani mwa Miraji, kwenye ile kanzu nyeupe, akapiga mkia mara kadhaa na kutulia.

Hakuna aliyecheka bado. Walimwachia nafasi ya kujiokoa. Na Muhidin akaitumia nafasi hiyo kusema, kwa heshima zote, "Msijali. Nipeni sufuria la maji tuwaloweke mpaka kesho, chumvi iwatoke."

"Wooi!" Awuor akashika kiuno. "Kesho? Baba, kesho hii samaki imeoza, hata paka inakataa! Na chumvi imeingia saa ngapi? Si imetoka kwa maji saa hii!"

Hapo bustani nzima ikaangua kicheko. Wanawake waliegemeana, wavuvi wakaja mbio kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakakaa chini kwenye nyasi zilizokatazwa wakashika mbavu. Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini ile ya Muhidin haikufika hata hatua.

Darweshi akamvuta kanzu, akamnong'oneza, "Sema ni mila ya kwenu. Sema ni kijiji chenu tu. Nani atakwenda kuuliza?"

Miraji alikuwa hajacheka. Alimshika yule ngege, akamrudisha kwenye beseni, akainua macho. "Hivyo ndivyo mnavyofanya kwenu?"

Kamba ya kujiokolea ilikuwa hiyo hapo, ni kuishika tu. Muhidin alifungua mdomo aishike. Kisha akamwona Kuluthum. Yeye pekee hakuwa anacheka. Alikuwa amemkazia macho, vidole vimebana ukingo wa buibui, kama mtu anayeogopa jibu. Na Muhidin, ambaye hakuwahi kukosa neno, akachoka na maneno yake yote.

"Hapana," akasema. "Sijui wanavyofanya. Bahari sijaiona. Huyu ndiye samaki wa kwanza kunikodolea macho, na nilimwogopa. Baba alikufa sijamjua, mama akanilea kwa ng'onda wa gunia. Nilisema pwani kwa sababu nikisema Bondeni, watu hawageuki kunisikiliza. Nimekuharibia kanzu, nitakushonea nyingine. Na dada yako nampenda. Hilo peke yake ndilo sikulitunga."

Akaiokota mbuzi ya baba yake, akaitia kwapani aende zake. Alijiona mjinga, na aliona haya.

"Kaa," Kuluthum akasema. Kicheko kikapungua, kikaisha. "Kaka, utanisemea au niseme mwenyewe?"

"Sema."

"Marehemu mume wangu hakupiga samaki jiweni," akasema. "Yeye alikuwa mwongo fundi. Miaka yote ya ndoa alinihadithia kwao: msikiti, kisima, jina la mama yake. Alipofariki nilisafiri kuwapelekea wakwe habari ya msiba. Msikiti upo. Kisima kipo. Mtu wa kumjua hakuwapo hata mmoja. Nilikaa pale kisimani na msiba wangu, sina wa kumpa pole wala wa kunipa." Akajifuta macho kwa ncha ya buibui. "Huyu wa Mai Mahiu sijamsikia akikosea neno. Ananitisha. Muhidin uongo umemshinda kabla chai haijapoa. Mimi namtaka huyu."

Miraji alibandua magamba kwenye kanzu yake, moja moja. Muhidin alisimama na mbuzi yake kwapani, haelewi aweke wapi mikono.

"Haya, rudia," Miraji akasema mwishowe. "Kwenu wapi?"

"Bondeni, Nakuru. Nyuma ya msikiti. Ukimwuliza mtoto yeyote fundi Muhidin, atakuleta mpaka mlangoni." Akaongeza, "Njiani atakuwa anacheka."

Miraji akampokea ile mbuzi, akaiweka chini kwenye nyasi, akamsogezea kikapu cha nazi.

"Kaa ukune nazi," akasema. "Hata siku likitokea la kutokea, kwako tutajua pa kubisha hodi."