Shati Kwenye Msumari

Shangazi Marie-Thérèse alikuwa amekwisha kutandika godoro. Kando yake aliweka beseni la maji yenye majani, na kwenye msumari wa ukutani akatundika shati la marehemu, lile la mistari ya buluu, vifungo vyote vimefungwa kana kwamba kuna mtu ndani.

"Ingia, baba," alimwambia Adalbert, akimwonyesha shati la huyo kaka yake. "Yaya yako anangoya. Umusafishe bibi yake, naye ataenda."

Adalbert alisimama mlangoni. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi huko Luano, mtu wa kuamini kipimo kuliko maneno. Lililotakiwa alilijua: mila ya ukoo ilisema mjane asiposafishwa kwa kulala na ndugu wa mumewe, kivuli cha marehemu humwandama, na mtoto atakayemgusa hufa. Tangu walipomzika kaka yake, Jean-Claude, Adalbert alikuwa akikataa. Alikuwa na mke mmoja, aliyefunga naye ndoa altareni, na hakuamini kwamba zinaa hugeuka dawa kwa sababu wazee wameitandikia godoro. Leo alikuja hapa mtaani Hewa Bora kuwaambia hivyo ana kwa ana.

Lakini mwanawe alikuwa anaungua kwa homa. Mtoto huyo alipewa jina la Jean-Claude, na siku ya kilio Abigaïl, mke wa Adalbert, alikuwa amemweka mapajani mwa mjane ili kumfariji. Wanawake wote uani waliona, na hakuna aliyesema neno. Homa ilipoanza, wote walisema.

"Weye Adalbert!" mjomba Chama alipaza sauti kutoka uani, glasi mkononi. "Kila dimanche mu misa unakula mwili ya Yesu, na leo unaogopa mwili ya bibi?"

Watu walicheka, kicheko kifupi cha watu wenye hofu.

Simu ikalia. Alikuwa Abigaïl, yuko hospitali.

"Ameshikwa na degedege," alisema. "Bamekamata damu, hatuyajua ni nini. Adalbert, fanya vile banasema."

"Abi, tulisema—"

"Mi niko mama yake! Fanya. Nitakusamehe." Simu ikakatika.

Adalbert aliingia. Shangazi akaufunga mlango nyuma yake.

Laurentine, mjane, alikuwa ameketi sakafuni pembeni, amejikunyata ndani ya nguo nyeusi. Hakuinua uso.

"Bulamu, fanya tu," alimwambia shemeji yake. "Nimechoka. Chakula yangu banaisukuma chini ya mulango. Batoto ba jirani bakiniona banakimbia. Na kama ni mimi ninamuua ule mutoto?"

"Hauna kitu ulifanya, bulamu."

"Unajua namna gani?"

Hakujua. Alitaka kumjibu kama fundi, kwa kipimo, lakini hakuwa na kipimo cha jambo hilo. Ndipo mkono wa shati ulipotikisika.

Alilitazama dirisha: limefungwa. Akapitisha kiganja kwenye ufa wa mlango, kisha akapanda juu ya kigoda na kupapasa chini ya mabati, akitafuta upepo. Hakuhisi upepo wowote. Mkono wa shati ulitikisika tena, polepole, kama mtu anayeamka, na mwili wa Adalbert ukamsisimka kuanzia kisogoni. Aliketi ukingoni mwa godoro. Akilini alimwona mwanawe amekakamaa, macho yamepinduka. Chumba kimoja tu, kitendo kimoja, na kila mtu amekwisha kukubali: wazee, mjane, hata mke wake. Nani angemhukumu?

Aligundua kwamba amefungua kamba za kiatu kimoja.

Aliiangalia ile kamba mkononi mwake, akaogopa mkono wake mwenyewe kuliko shati. Akaanza kusali, kwa sauti ya chini, sala aliyoijua kabla hajajua kusoma. Baba yetu uliye mbinguni. Alifika kwenye "utakalo lifanyike," akakwama. Tangu utotoni aliyapita maneno hayo kama mtu apitavyo mlango wa nyumba yake. Sasa mwanawe alikuwa amelala kizingitini, na asingeweza kupita bila kumruka.

Alirudia mwanzo, akakwama palepale. Mara ya tatu alielewa kinachomzuia. Alikuwa anamtaka Mungu aweke ahadi kwanza kwamba mtoto atapona, na shangazi alikuwa amekwisha kuiweka yake. Lakini uhai wa mtoto haukuwa mkononi mwa mtu yeyote pale uani. Alichoweza kuchagua ni amkabidhi kwa nani.

"Utakalo lifanyike," alisema. Akaendelea hadi mwisho: "Usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni." Akafunga kiatu.

Laurentine alimsogelea. "Basi tutoke, tuseme tumemaliza," alinong'ona. "Nani atajua? Bataniacha, nitapumua."

Hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilifanana na huruma.

"Hapana, bulamu. Tukidanganya, tutakuwa tumekubali kama shati ile iko na haki juu yetu. Na mujane mwingine atakuja kukaa mu hii chumba."

Aliliendea shati. Lilinuka jasho la kaka yake, harufu ya mtu aliye hai. Akafungua vifungo kimoja kimoja, vidole vikiteleza, akingoja kushikwa. Hakuna kilichomshika. Alilikunja, akaufungua mlango, akalitia mikononi mwa shangazi.

"Hatukufanya kitu. Na hatutafanya. Yaya iko kwa Mungu."



"Mutoto akikufa," shangazi alisema, "utamuzika weye peke yako."

"Nitamuzika," alijibu, akamgeukia Laurentine. "Twende, bulamu."

Laurentine alisita, kisha akatoka. Watu waliwapisha, wakivuta nguo zao zisiguswe.

Hospitali, Abigaïl alikuwa kwenye benchi la korido, mtoto mapajani. Alimtazama mumewe, akamwona mjane aliyesimama mbali, karibu na ukuta, akaelewa.

"Haukufanya," alisema.

"Sikufanya."

Adalbert aligusa paji la mtoto. Moto uleule. Matokeo ya damu yalikuwa hayajatoka. Jua lilikuwa bado juu, na Hewa Bora haikuwa mbali. Mtu angeweza kurudi. Wazo hilo lilikuja, likakaa naye, na yeye akakaa nalo bila kuinuka, midomo ikirudia sala ileile.

Mtoto alilia kwa sauti nyembamba. Kule ukutani, mikono ya Laurentine iliinuka yenyewe, kisha akaificha nyuma ya mgongo.

Abigaïl aliiona mikono ile. Akambana mtoto kifuani, akafumba macho kwa muda mrefu. Halafu akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Kuja, Laurentine," alisema. "Unisaidie kumushika."