Watani Walipolivunja Gari la Marselino

Nilikuwa namsomea mume wangu kitabu cha gari, mtoto nimemfunga mgongoni, pale aliponyanyua spana na kumpasua Wilbert kichwa.

Gari lenyewe lilikuja vipande vipande, masanduku manne kutoka Uingereza. Bwana Sadruddin, aliyekuwa na karakana hapa Chang'ombe, aliliagiza ajiundie mwenyewe. Nyumba yake ya kupangisha ilipotaifishwa, akaamua kuhamia Kanada na wanawe, na masanduku akamwachia Marselino, fundi wake wa miaka tisa. Maelekezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Mie ndiye niliyekuwa nasoma masomo ya jioni, kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa kwenye kigoda bandani nikifasiri, naye akikaza nati. Mwaka na miezi minne. Majirani walichungulia juu ya ua wakasema Mngoni anaunda ndege.

Siku hiyo ilikuwa ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza. Marselino alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Wilbert, jirani yetu wa nyumba ya tatu, akaingia bila hodi, akauokota usukani uliokuwa juu ya turubai, akauvaa shingoni.

Wilbert ni Mhehe. Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Unamtukana mla mbwa, anakutukana mla panya, unakikomboa kwa kuku, mnacheka.

"Mngoni, huu nakwenda nao," akasema. "Babu zako walikuja kwa miguu toka kusini huko. Na wewe tembea!"

"Rudisha."

"Ukitaka nikusukume, nina mkuki wa babu ule ule mlioukimbia..."

Hakumaliza. Spana ilimpata juu ya sikio, ikalia kama dafu linapopasuliwa. Akapiga magoti. Pigo la pili likamshukia begani. La tatu lingemuua. Nilimrukia mume wangu mkono, nikamng'ata mpaka nikaonja damu yake, Bernadeta akipiga mayowe mgongoni kwangu. Spana ikaanguka.

Kesho yake baada ya misa wakaja watu saba, na nyundo, na mtaimbo. Wilbert alikuwa nyuma, kichwa kimefungwa bandeji, jicho moja limevimba likafumba. Mbele alikuwa dada yake mkubwa, Apolonia.

"Shikamoo, dada," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Marahaba, Mama Bernadeta. Ndugu yangu kawaambia hospitali kaangukiwa na boriti. Kesho anaweza kukumbuka vingine, akawaambia polisi." Akamgeukia Marselino. "Umempiga mtani kwa chuma. Toka nizaliwe sijasikia. Tumekuja kuona kama utani wetu umekufa au umezimia tu."

"Mtaonaje?" nikamuuliza.

"Tutachukua na kuvunja tutakavyo humo bandani. Akitania, ni mtani wetu, yameisha. Akinuna mpaka tumalize, au akinyanyua hata kidole, Wilbert anakwenda kituoni."

Nikamkalisha Marselino kwenye benchi, nikamshika kifundo cha mkono, penye alama za meno yangu. Akilini nilimuona amefungwa jela, miaka, na mie na mwanangu tunapeleka chakula getini.

Walianza na vioo. "Mngoni, kioo cha nini, na sura hiyo?" Nyundo ikashuka. Taa zikafuata, moja, mbili, kila moja na tusi lake. Mtaimbo ukazama kwenye bodi ya fibaglasi, ukapasua ubavu mzima, vumbi jeupe likaruka. Ule mlango nilifasiri maelekezo yake siku tatu na kamusi; waliung'oa kwa mateke. Kila pigo lilikuwa linapita mwilini mwa mume wangu, nikilisikia mkononi kwangu.

"Hacheki huyu," Apolonia akasema.

"Sema kitu, Baba Bernadeta," nikamnong'oneza. "Tukana. Nakuomba."

Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

Ikabaki injini. Wilbert akaitaka mwenyewe. Akaipokea nyundo kubwa, akainyanyua, kizunguzungu kikamchukua, nyundo ikagonga sakafu. Akainyanyua tena. Ikamvuta pembeni, akapepesuka, nusura aukanyage mguu wake mwenyewe. Ndugu zake wakatazama chini. Mkono wa Marselino ulikakamaa ndani ya kiganja changu. Nikajua sasa anainuka.

"Pumzika, Mhehe," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Hicho chuma. Siyo mbwa, hata ukikiua hukili."

Wote wakamgeukia Wilbert.

Kisha Wilbert akaanza kucheka, amejishika sikio, "Nyuzi zangu! Jamani, nyuzi zangu zinaachia!", bandeji ikilowa nyekundu, akiwa hawezi kuacha. "Panya-buku we! Ungesema hivyo jana, si spana ingenikosa?"

"Jana ulikuwa na kichwa kigumu," Marselino akajibu, na yeye akacheka, cheko la mtu anayetapika.

Apolonia akaichukua nyundo mkononi mwa ndugu yake, akaiegemeza ukutani.

"Mama Bernadeta, tupe maji. Kuvunja nako kazi."

Nikakimbilia mtungini, nusu ya kata ikamwagika njiani. Nikampa Wilbert kwanza. Akanywa, damu ikimchuruzika shingoni, akabakiza, akampokeza mume wangu.