Kisigino cha Nélida

Nélida Huamanchumo alilala kifudifudi kwenye kitanda cha zahanati, uso kaugeuzia kando, suruali kaikunja hadi magotini. Bi Azabache, mtaalamu wa viungo, alimpaka jeli baridi nyuma ya kisigino cha kulia, kisha akawasha mashine. Ikaanza kugonga upesi upesi, kama mtu anayepigilia misumari midogo. Tiba ya mawimbi ya mshtuko, ndivyo ilivyoitwa. Kazi yake ni kuliamsha kano lililouma muda mrefu mpaka likaacha kujiponya.

"Niambie panapouma," alisema Bi Azabache, akimtazama usoni. "Mimi nafuata maumivu yako. Hapa je?"

"Sawa tu, daktari," Nélida alijibu akitabasamu.

"Basi nasogea juu."

Shangazi yake, Eudocia, alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, mkoba mapajani. Yeye ndiye aliyewafundisha ngoma ya marinera nusu ya wasichana wa mji wa Moche.

"Mgonge upesi, mwanangu, twende zetu," alisema shangazi. "Leo Jumatatu, supu ya shambar inapoa nyumbani. Na Januari hiyo inakuja, mashindano hayamngoji mtu."

"Mama, mimi si fundi viatu," Bi Azabache alimjibu.

"Ungekuwa fundi viatu tungekukimbia. Sisi tunacheza peku."

Nélida aliwasikia kama mtu asikiavyo redio ya nyumba ya pili. Alijua kwamba leo ni mara ya mwisho ya tiba hii. Kano lisipobadilika, atapelekwa kwa daktari wa upasuaji, na baada ya kisu hakuna aliyethubutu kumwahidi kwamba atacheza tena. Kucheza ndiyo kazi pekee aliyoijua. Alingoja hofu imshike, haikuja. Haikuwa imekuja tangu mwaka jana, wala machozi hayakuja.

Bi Azabache alizima mashine. Akakibonyeza kisigino kwa dole gumba, pole pole, akishuka chini kabisa, pale kano linapoingia kwenye mfupa. Vidole vya mguu vikajikunja kama kucha za kuku. Akainua macho. Nélida alikuwa akitabasamu, meno yote nje.

"Wewe binti, unanicheka?"

"Hapana, daktari."

"Mguu umeruka, uso unacheka. Nimwamini nani?"

Shangazi akacheka kwa majivuno. "Huo uso ni kazi yangu mimi! Nawachezesha saa sita mchana, saruji inachoma kama kikaango. Atakayekunja uso anaanza upya ngoma nzima. Muulize kaanza upya mara ngapi."

"Wiki zote hizi nimekuwa nikiufuata huo uso," Bi Azabache alisema. "Nimegonga juu, mahali pazima."

Akamgeukia Nélida.

"Acha kutabasamu, tuanze vizuri."

Nélida alijaribu. Midomo ikashuka, lakini dole gumba lilipogusa tu, ikapanda yenyewe. Akajaribu tena, ikapanda tena. Akagundua kwamba hata maumivu yenyewe yeye hayahisi sawasawa. Yalikuwa mbali, kama ya mguu wa mtu mwingine. Akafunika uso kwa viganja, akausikiliza mguu.

"Hapo," alisema hatimaye, sauti ndogo.

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo. Ai! Hapo hapo, panauma!"

"Nélida!" Shangazi alikwisha kusimama. "Uso!"

"Shangazi, toka nje."

Hakuwa amewahi kumwambia hivyo mtu aliyemlea. Shangazi alisimama na mkoba wake, mdomo wazi, kisha akatoka. Bi Azabache akapaweka alama kwa kalamu, akawasha mashine. Safari hii ilichoma hadi gotini. Nélida aling'ata kiganja chake, akasema panapouma, akasema tena kila palipohama.

Baadaye aliambiwa ukweli wote. Kwa daktari wa upasuaji hatapelekwa bado. Tiba inaanza upya kuanzia leo. Lakini asikanyage uwanja miezi kadhaa. Januari asahau.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Alingoja habari hiyo imchome. Haikumchoma. Ilikaa tu.

Shangazi alikuwa kwenye benchi la nje. "Kasemaje?"

"Namba yangu ya mashindano mpe Maricielo."

"Maricielo gani? Yule anayecheza kama anafukuza kuku?"

"Mpe, shangazi. Mimi sichezi Januari."

Nélida akashuka barabarani. Kwa miaka miwili alikuwa akitembea wima mbele za watu, kisigino kikiwaka. Sasa aliuacha mguu uchechemee utakavyo. Muuza ndizi akamwangalia. Shangazi akamfuata nyuma, akinong'ona, "Jinyooshe, mwanangu, watu wanatuona."

Nélida hakujinyoosha. Akachechemea mpaka kituoni.