Mbeleko ya Wilf

Wilf Ogden alikata roho siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, ameshavaa shati lake la kufundishia. Teksi ilikuwa mlangoni. Mkewe, Noreen, alitoka akamwambia dereva aende zake, kisha akapiga simu chuoni kusema mwalimu hatakuja leo. "Leo" ndilo neno alilotumia.

Kwa miaka tisa wanafunzi wa uuguzi mjini Preston walijifunza kumwinua mgonjwa kwa mwili wa Wilf. Maradhi ya neva yalikuwa yamemmaliza miguu, kisha mikono. Ulimi ukabaki, tena mkali. Walimfunga ndani ya mbeleko, kile kitambaa kinachoning'inia kwenye mashine ya darini, wakabonyeza rimoti, naye akawapa alama. Sharti lake lilikuwa moja: hamgusi mgonjwa kabla ninyi wenyewe hamjainuliwa. Na kila mwanafunzi aliambulia utani uleule: "Njoo mbele nikuone, mwanangu. Mimi si gunia la viazi." Darasa hucheka. Noreen, kwenye kiti chake cha pembeni, naye hucheka.

Wiki sita baada ya maziko, mhadhiri Imelda Rourke alimwita ofisini. Palikuwa na chai na biskuti za chokoleti, na Noreen alijua biskuti za namna ile hazitoki bure. Imelda alieleza kwa upole kwamba chuo kimenunua mwanasesere mwenye uzito wa mtu mzima. Hawakutaka kumsumbua mjane. Yeye alikuja pale kama mwuguzaji wa Wilf, na Wilf hayupo tena.

Noreen alimaliza biskuti yake. "Huyo mwanasesere wenu akiumia anasema?"

"Hasemi."

"Basi atawafundisha nini? Nipe Jumanne moja nifundishe mimi. Nikishindwa, mvalisheni yeye mbeleko ya Wilf, mimi hamtaniona tena."

Imelda alimfahamu vya kutosha asibishane. Akampa.

Jumanne ile Noreen alianza na sharti la mumewe. Wanafunzi kumi na wawili waliinuliwa mmoja mmoja, wakashushwa. Ndipo msichana mrefu aitwaye Tamsin akauliza, bila ubaya wowote, "Na wewe Bi Noreen, umewahi kuinuliwa?"

Kwa miaka kumi na moja Noreen alikuwa amemwinua Wilf nyumbani mara nne kwa siku, kutoka kitandani, kwenda chooni, kurudi kitini, na mwenyewe hakuwahi kuingia ndani ya mbeleko. Uongo ulikuwa karibu sana. Akavua viatu.

Tamsin alisimama nyuma, palepale alipokuwa akisimama Noreen nyumbani miaka yote, kwa kuwa mshikio wa mbeleko uko mgongoni. Kamba zikakaza, miguu ikaacha sakafu. Noreen aliona dari na taa moja iliyoungua. Hakuona mtu. Aliyeshika uhai wake alikuwa pumzi tu kisogoni. Hapo akajua kwamba yale maneno ya "njoo mbele nikuone" hayakuwa ya wanafunzi peke yao. Miaka tisa Wilf alikuwa akimwambia yeye, kwa kupitia migongo ya watu, ili asimvunje moyo.

Hakulia. Alikuwa na kazi.

"Njoo mbele nikuone, mwanangu," alisema. "Na ninyi wengine sogeeni, niwaambie kosa nililolifanya miaka kumi na moja."

Aliwaambia lote, akibembea hewani, bila haraka. Kalamu zilikuwa mezani, hakuna aliyezigusa. Tamsin alipomshusha, alisimama mbele yake akimtazama usoni mpaka Noreen akakaa kitini sawasawa. Imelda aliyekuwa mlangoni akamwuliza Noreen kama wiki ijayo ana nafasi.

Waya wa rimoti unafika mbele, mahali mgonjwa anapomwona anayemwinua. Siku zote ulikuwa unafika. Mwanasesere yuko kabatini, na kila Jumanne saa nne Noreen huinuliwa wa kwanza.